Chupa ya Port Ellen: kuikagua, kuizibua, kuionja na kuitunza

Chupa ya Port Ellen yenye umri wa miaka 37 ikifika mezani, kazi karibu yote imeshafanyika. Shayiri ilikaushwa kwa moshi, wiski ikakenekwa kisiwani Islay, Uskoti, na pipa la mwaloni likailea kwa karibu miongo minne. Kazi ndogo iliyobaki ni yako, na ndiyo inayoharibika mara nyingi. Kizibo hukatikia shingoni. Mtu hutia barafu. Matone ya maji hugeuka vijiko viwili. Au chupa huachwa nusu kabatini, jua la alasiri likiipiga, mpaka ladha imekwenda na hewa.

Maelezo haya yanaifuata chupa hiyo tangu kabla hujalipa hadi inapobaki tupu. Yanafaa pia kwa Brora, Rosebank na wiski nyingine za Uskoti za rika lao, ila tarakimu ni za Port Ellen.

Kabla ya kulipa: piga hesabu za lebo

Maneno "Single Malt Scotch Whisky" huwachanganya wengi. Hayamaanishi pipa moja wala aina moja ya shayiri. Yanamaanisha wiski yote iliyomo ilitoka kiwanda kimoja. Imetengenezwa kwa kimea cha shayiri tupu, ikakenekwa kwa mafungu katika vyungu vya shaba, kisha ikalala Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3. Haiuzwi ikiwa chini ya asilimia 40 ya alkoholi, na kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli tu. Umri unaoandikwa ni wa ile iliyo changa kuliko zote chupani: ikiandikwa 22, huenda mna ya miaka 25 ndani, lakini hamna hata tone la miaka 21. Na umri haukui ndani ya kioo. Wiski ya miaka 12 iliyosahauliwa kabatini kwa miaka 30 bado ni ya miaka 12.

Kiwanda cha Port Ellen kilianzishwa 1825 kwenye pwani ya kusini ya Islay. Kilifungwa 1929, kikajengwa upya na kuanza kazi tena 1967, kikafungwa kwa mara nyingine 1983 wakati maghala ya Uskoti yalikuwa na wiski nyingi kuliko wanywaji. Kilifunguliwa tena Machi 2024. Ikariri miaka hiyo, maana ndiyo chombo chako cha kwanza cha kumnasa mwongo: Port Ellen ya zamani inayopatikana sokoni ilikenekwa kati ya 1967 na 1983. Lebo inayosema 1991 haihitaji mtaalamu kuikataa. Na hii mpya ya tangu 2024 haiwezi kufikisha miaka 20 kabla ya 2044.

Kagua kwa mpangilio huu:

1. Toa mwaka wa kukenekwa kwenye mwaka wa kutiwa chupani. Jibu lilingane na umri ulioandikwa, au liuzidi kwa mwaka mmoja. Toleo la kwanza rasmi, la 2001, ni la wiski iliyokenekwa 1979, miaka 22, asilimia 56.2, chupa 6,000. Toleo la 17, la 2017, nalo ni la 1979, miaka 37, asilimia 51.0, chupa 2,988. Namba ya chupa ikizidi idadi ya toleo, rudisha.

2. Tazama ujazo. Matoleo haya ni ya sentilita 70, na ya soko la Marekani ni 75.

3. Simamisha chupa mezani uangalie kimo cha wiski. Chupa iliyojazwa 2001 au baadaye inapaswa kuwa imejaa hadi shingoni. Ikiwa imeshuka hadi mabegani, ama kizibo kinavuja ama kuna mtu alishaionja.

4. Kagua kifuniko cha nje kwa tochi na kioo cha kukuzia. Unatafuta alama ya gundi mpya, mkunjo uliorudiwa mara mbili, au mkwaruzo wa wembe kwenye ukingo wa chini.

5. Usiipime kwa rangi. Port Ellen nyingi ililala kwenye mapipa yaliyokwisha tumika, yasiyo na rangi nyingi ya kutoa, kwa hiyo ya miaka 30 inaweza kuwa na rangi ya majani makavu. Muuzaji anayesema "tazama ilivyo nyeusi, ni ya kale" hajui anachouza, au anajua sana.

Wauzaji huru, wanaonunua mapipa na kuyatia chupani kwa lebo zao, nao wametoa Port Ellen nyingi: Signatory, Douglas Laing, Gordon & MacPhail na wengine. Hizo si bandia kwa kuwa hazina lebo ya kiwanda. Nyingine huja zimeshapunguzwa kwa maji hadi asilimia 40, 43 au 50, na jambo hilo litabadilisha hesabu ya maji huko mbele.

Kuhusu bandia, usidhani ni hofu ya matajiri tu. Mwaka 2018 maabara ya SUERC ya Uskoti ilipima kwa kaboni chupa 55 za wiski adimu; 21 zikabainika kuwa za bandia au hazikukenekwa mwaka uliotajwa. Kipimo hicho kinafanya kazi kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, shayiri ikainyonya, na kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka. Mwaka mmoja kabla yake, katika hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, mteja alilipa karibu faranga 10,000 kwa toti moja ya wiski ya Macallan iliyodaiwa kuwa ya 1878; uchunguzi ukaonyesha ni ya miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa anayenunua Nairobi au Dar es Salaam: stempu ya KRA au TRA inathibitisha kodi. Haithibitishi kilichomo. Chupa halisi iliyotupwa, ikajazwa kitu kingine, itabaki na stempu halisi.

Kuizibua

Wiski husimamishwa wima maisha yake yote, kwa sababu alkoholi kali hula kizibo cha gome la mti kikilowa muda mrefu. Matokeo yake ni kwamba kizibo cha miaka 20 hukauka, kikashika kioo na kuwa mkate mkavu katikati. Ndiyo maana hutakiwi kukivuta kama cha soda.

Andaa hivi kabla ya kugusa chupa: kizibuo chembamba, ikiwezekana kile cha meno mawili bapa yanayoingia pembeni mwa kizibo, jagi safi la kioo, kipande cha melimeli kisicho na harufu ya sabuni, karatasi ya kuchujia kahawa, na kizibo cha akiba. Kizibo cha akiba kitoke kwenye chupa nyingine iliyokwisha, kiwe kizima, na kisiwe na harufu yoyote. Watu hukisahau hiki, kisha wanalazimika kumaliza chupa nzima usiku mmoja au kuifunga kwa plastiki.

Ilaze chupa kwa dakika moja, uizungushe taratibu ili wiski iguse sehemu yote ya chini ya kizibo. Isimamishe, subiri dakika 10. Kata kifuniko cha nje chini ya mdomo, futa vumbi na ukungu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Sasa shika kichwa cha kizibo kwa mkono mmoja bila kukisogeza, na kwa mkono mwingine izungushe chupa kutoka chini, robo mzunguko kwenda, robo kurudi. Kikilegea ndipo uanze kukiinua, bado ukizungusha. Ukihisi kichwa kinazunguka lakini mwili haufuati, simama hapo hapo: kinaelekea kukatika. Ingiza kizibuo cha meno mawili pembeni, au kile chembamba katikati kwa pembe kidogo, na uvute polepole.

Kikisagika na kuanguka ndani, hakuna msiba. Mimina yote kwenye jagi kupitia melimeli, suuza chupa kwa wiski kidogo ya humo humo (si maji), kisha irudishe. Karatasi ya kahawa itumie kwa ile ya mwisho tu, yenye unga wa kizibo, na kwanza ipitishie maji ya moto kisha uikaushe, la sivyo utaonja karatasi. Usiichuje chupa nzima kwa karatasi. Itakaa hewani muda mrefu na karatasi itashika sehemu ya mafuta yanayoipa wiski hii uzito mdomoni.

Nusa kizibo. Harufu ya mti na wiski ni sawa. Harufu ya sanduku la karatasi lililolowa mvua ni dalili ya kizibo kilichooza, na hiyo haina dawa.

Bilauri, chumba na joto la chumba

Tumia bilauri yenye tumbo na mdomo mwembamba, umbo la ua lililoanza kufunguka. Ukiikosa, bilauri ndogo ya divai inatosha. Ile pana ya mdomo wazi wanayotumia mabaa hutawanya harufu kabla hujaipata. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni, iache ikauke yenyewe, na inuse ikiwa tupu: bilauri zilizopinduliwa kabatini hushika harufu ya mbao na vumbi.

Saa moja kabla, acha kahawa, sigara, pilipili na marashi. Usifukize udi wala ubani humo ndani siku hiyo. Port Ellen ina moshi wake, na moshi wake ni mwembamba.

Vitabu vinasema inyweke kwenye "joto la chumba". Chumba wanachokizungumzia kipo Uskoti, nyuzi 18 hadi 20. Chumba cha Mombasa mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi, na kwenye joto hilo alkoholi hupanda kwanza na kuchoma pua kabla kingine chochote hakijafika. Usiipoze chupa, utaharibu lebo na kizibo. Mimina mililita 20 kwenye bilauri, ifunike kwa kisahani, iweke ndani ya bakuli lenye maji ya baridi ya kimo cha vidole viwili kwa dakika 5. Inatosha. Ukiwa Nairobi, Arusha au Mbeya, hata hilo si lazima. Barafu hapana: baridi hufunga harufu, na maji yake yanapoyeyuka huwezi kuyapima.

Mililita 20 si uchoyo. Chupa ya sentilita 70 inakupa mimino 35 ya namna hiyo, na kwa wiski ya zaidi ya asilimia 50 pua huchoka kabla ya bilauri.

Kusubiri, kisha kunusa

Kuna kanuni ya mitaani inayosema subiri dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Kwa wiski ya miaka 37 si ujinga, ila usikae kimya muda wote huo. Inuse ikiwa na dakika 5, 15 na 30, uandike mistari miwili kila mara. Inayofunguka polepole utaiona ikibadilika. Iliyo dhaifu utaiona ikififia, na hapo huna haja ya kungoja tena.

Usiitikise kama divai. Kuitikisa huachia mvuke wa alkoholi na pua hufa ganzi. Iinamishe tu, ilowanishe kuta, iache. Anza bilauri ikiwa usawa wa kidevu, mdomo wako wazi kidogo, uvute hewa kwa vipande vifupi. Pandisha hadi mdomoni, kisha puani. Jaribu tundu moja la pua, kisha jingine, hayanusi sawa. Ukichoka, nusa mgongo wa mkono wako au shati lako, pua itarudi.

Utafute nini? Moshi kwanza. Unatokana na peti, yaani udongo mweusi wa nyanda za majimaji uliojengwa na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Hukatwa vipande, hukaushwa, na kuchomwa chini ya kimea. Katika wiski ya miaka 8 au 10 moshi huo hupiga kama jiko la kuni. Pipani hupungua mwaka hadi mwaka, na baada ya miongo mitatu hubaki moshi wa mbali: kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, nguo iliyokaa karibu na moto jana. Anayeinunua Port Ellen ya miaka 37 akitafuta moto wa Ardbeg changa, wiski nyingine ya Islay yenye moshi mkali, amekosea duka.

Chini ya moshi kuna ndimu, hasa ganda lake, na mara nyingi ndimu iliyotiwa chumvi. Kisha bahari: mwani uliokauka ufukweni, ganda la chaza, kamba za chombo. Wengi hutaja lami, na msomaji wa pwani ana neno zuri zaidi, harufu ya mashua iliyotiwa kalafati hivi karibuni. Kuna nta pia, nta ya nyuki hasa, ambayo hujitokeza zaidi umri ukizidi. Ukikuta iodini ya duka la dawa, hujakosea.

Aina ya pipa hubadilisha picha. Lile lililokwisha tumika zaidi ya mara moja, la lita 250 hivi, huacha ndimu, chumvi na nta ziseme. Pipa kubwa la lita 500 lililokuwa na divai ya sheri huleta zabibu kavu, tende, ngozi na kahawa. Kwa Port Ellen tunapendelea la kwanza. Sheri ni tamu, lakini huvaa kanzu juu ya kanzu.

Pipa pia huchukua. Karibu asilimia 2 ya wiski hupotea hewani kila mwaka, nao Waskoti huliita fungu la malaika. Kwa kasi hiyo, baada ya miaka 37 pipa hubaki na pungufu kidogo ya nusu ya kilichotiwa. Katika ubaridi na unyevu wa maghala ya Uskoti alkoholi hushuka pia: wiski iliyoingia pipani na asilimia 63 na kitu inaweza kutoka na 51. Ikishuka chini ya 40 haiwezi tena kuitwa wiski ya Kiskoti. Ndiyo sababu mojawapo ya uadimu wa umri mkubwa, na ndiyo sababu umri peke yake si sifa. Pipa lenye nguvu likikaa na wiski kupita kiasi huizidi, ikawa chungu na kavu kama kutafuna kijiti cha mswaki. Tukipewa kuchagua kati ya miaka 25 iliyo hai na 40 iliyochoka, hatutauliza bei.

Kuonja

Tama la kwanza ni la kuuandaa mdomo tu. Chukua nusu mililita, sambaza kwa ulimi, meza, na usihukumu chochote. Linaungua kwa sababu ni la kwanza. Subiri dakika moja.

La pili liwe mililita 2 hadi 3. Liweke mdomoni sekunde 10 hadi 15, lifikishe chini ya ulimi na kwenye fizi, kisha meza na utoe hewa kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo nusu ya wiski ilipo. Zingatia mambo matatu: uzito wake mdomoni (wa mafuta au wa maji), inavyobadilika kutoka tamu kwenda chumvi kwenda moshi, na muda inaobaki baada ya kumeza. Tumia saa. Port Ellen nzuri hubaki dakika kadhaa, na kinachobaki mwisho ni jivu safi na ndimu. Kikibaki uchungu wa mti tu, pipa limeshinda.

Maji, kwa mililita

Hapa ndipo watu hugombana, na wengi wanagombana bila kipimo. Nunua sirinji ya mililita 5 bila sindano kwenye duka la dawa. Hesabu ni hii: gawanya asilimia uliyonayo kwa asilimia unayotaka, toa 1, zidisha kwa mililita zilizomo kwenye bilauri.

Kwa mililita 20 za toleo la kwanza lenye 56.2: kufika 50 unahitaji maji mililita 2.5, kufika 46 ni 4.5 hivi, kufika 40 ni 8. Kwa toleo la 17 lenye 51.0, mililita 2.2 tu zinakufikisha 46. Kijiko cha chai kina mililita 5. Sasa unaona kwa nini "kijiko kidogo tu" kinaweza kuizamisha.

Maji hufanya nini? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa mifano ya kompyuta kwamba gwayakoli, moja ya kemikali za harufu ya moshi, hukaa juu ya uso wa kinywaji alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini, na huzamishwa ndani ikizidi 59. Kwa wiski ya moshi iliyotoka pipani na nguvu zake, maji kidogo yana maana. Lakini maji mengi hulegeza ule mwili wa nta, na hayarudi nyuma.

Njia salama ni kugawa. Mimina mililita 10 katika kila moja ya bilauri mbili. Moja iache kavu. Nyingine itie nusu mililita, koroga kwa kuinamisha, ngoja dakika 3, nusa zote mbili. Endelea kwa nusu nusu hadi pale bilauri yenye maji inapoanza kunuka kidogo kuliko ilivyokuwa hatua iliyopita. Andika kiasi, maana ndicho kipimo cha chupa hiyo hadi iishe. Ikiwa chupa yako ni ya 40 au 43, ilishatiwa maji kabla ya kukufikia: usizidishe matone mawili.

Maji yenyewe yawe ya chupa yenye madini machache, na joto sawa na la wiski. Ya bomba yana klorini, na ya kisima cha Dar es Salaam au Lamu mara nyingi yana chumvi ambayo utaidhania ya Islay. Ikianza kuwa na ukungu ukitia maji, usiogope: ni mafuta yaleyale yanayojitokeza alkoholi inaposhuka chini ya 46 hivi, na kiwanda hakikuyachuja kwa baridi.

Ikiwa kuna kitu hakiko sawa

Harufu ya mpira, kiberiti au kabichi hutoka mara nyingi kwenye mapipa ya sheri yaliyofukizwa salfa. Iache bilauri wazi dakika 20 kwanza. Isipoondoka, tumbukiza kipande kisafi cha waya wa shaba kwa sekunde chache katika kiasi cha kunusa tu, kisha kimwage. Harufu ikipungua, umejua chanzo ni salfa.

Ikiwa karibu haina harufu, angalia joto kwanza, kisha bilauri, kisha mafua yako. Ukiikuta ni tamu mno na inanata midomoni, rudi kwenye ukaguzi wa lebo: wiski ya Kiskoti haitiwi sukari. Na kama hujawahi kuonja wiski ya moshi, usianzie hapa. Anza na Caol Ila ya miaka 12 kwa mwezi mmoja, kisha Clynelish ya miaka 14 ili uijue nta. Ya kwanza ni jirani wa Islay, ya pili ni ndugu wa Brora. Zote mbili ni nafuu mno ukilinganisha, na pua yako itakuwa imejifunza kabla ya kutumia pesa kubwa.

Kuihifadhi

Isimame wima, gizani, mbali na jiko na dirisha. Joto la nyuzi 15 hadi 20 ndilo bora. Pwani usipoweza, chagua kabati la ndani, rafu ya chini, ukuta usiopigwa na jua. Kinachoumiza zaidi ya joto lenyewe ni kupanda na kushuka: hewa iliyomo hutanuka mchana, husukuma kizibo, kisha hunywea usiku na kuvuta hewa mpya. Zungushia kizibo utepe wa parafilm, ule wa maabara unaonyumbulika na kuziba, tabaka mbili. Lebo izungushie plastiki nyembamba ya kufungia chakula, kwa sababu unyevu wa pwani huleta ukungu na mende hupenda gundi.

Ikisafiri kwa ndege, sheria za mizigo ya chini huruhusu lita 5 kwa abiria kwa vileo vya zaidi ya asilimia 24 hadi 70. Funga kizibo kwa parafilm, itie kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha katikati ya nguo.

Chupa iliyofunguliwa ikiwa imejaa zaidi ya theluthi mbili inaweza kukaa mwaka bila kupoteza mengi. Ikifika nusu, fikiria miezi. Ikibaki theluthi, hewa ni nyingi kuliko wiski, na moshi na ndimu ndivyo huondoka kwanza: ihamishie kwenye vichupa vya kioo vya sentilita 10, ujaze hadi juu, vifuniko vya kusokota, uandike tarehe. Usitumie plastiki, na usitumie kichupa kilichowahi kuwa na dawa ya kikohozi hata ukikichemsha mara tatu.

Chupa ikibaki tupu usiiuze, hata ukipata mtu mwenye bei nzuri. Chupa tupu ya Port Ellen yenye sanduku na kizibo chake ina thamani kwa mtu mmoja tu, naye anahitaji kitu cha kuijaza. Ikiwa unataka kuiweka kama pambo, toboa lebo au ikwaruze kwa wembe pale penye namba. La sivyo, ivunje.